KILWA KISIWANI SI MAKABURI, NI KIJIJI CHA WATU

Ndugu msomaji, ukimtajia mtu wa mjini jina la Kilwa Kisiwani, mara moja atakujibu kwa neno moja: magofu. Atakueleza habari za msikiti mkuu, za jumba la mfalme na za ngome iliyo ufukweni. Na kama amesoma zaidi, atakutajia na Ibn Battuta. Lakini muulize ni nani walalao pale usiku wa leo, wanavua nini, wanateka maji wapi, na mzazi wa pale ana matumaini gani kwa mwanawe. Hapo utamwona kanyamaza. Sisi twaona kunyamaza huko kuna hatari yake. Taifa likizoea kuyajua mawe na kutowajua watu, mwisho wake litawaona watu kuwa ni udhia katikati ya mawe. Kwa hiyo leo twataka kukieleza kisiwa hiki jinsi kilivyo, nchi yake na tabia yake, kisha tuseme lile tunalolidai.

KISIWA KILIPO

Kilwa Kisiwani imo katika Mkoa wa Lindi, kusini ya Dar es Salaam kwa mwendo wa kilomita zipatazo 300. Mkabala wake, ng'ambo ya mlango mwembamba wa bahari, upo mji wa Kilwa Masoko, yaliko makao makuu ya wilaya. Mtu akisimama Masoko huiona Kisiwani kwa macho yake bila darubini, na chombo chenye upepo mwema humvusha upesi. Upande wa kusini vipo Sanje ya Majoma na Songo Mnara. Nyuma ya visiwa hivyo bahari huingia ndani ya nchi kwa vijito na mikoko, hata mgeni asijue bara imeanzia wapi na kisiwa kimeishia wapi.

Kisiwa chenyewe si kikubwa. Mwenye miguu mizuri hukikata toka pwani hii hata pwani ile asilale njiani. Ni nchi ya mawe ya matumbawe. Udongo wake ni haba, mto hakina, na maji yake ni ya visima. Yapo mibuyu na minazi, lipo shamba la muhogo hapa na pale, na nyumba za miti, udongo na makuti zimesimama jirani na kuta za mawe zenye umri wa mamia ya miaka. Mkulima wa Rungwe au wa Kilimanjaro akiletwa pale ghafla atauliza: watu hawa wanakula nini? Jibu ni kwamba shamba lao kubwa ni bahari. Maji yakipwa, wanawake hushuka mwambani kutafuta pweza na chaza; wanaume hutoka na mitumbwi, ngalawa na mashua, wenye nyavu kwa nyavu zao, wenye mishipi kwa mishipi yao, wenye madema kwa madema yao. Kalenda ya kisiwa ni kusi na kaskazi, bamvua na maji mafu. Asiyeijua kalenda hiyo hali.

Sasa twauliza: ilikuwaje nchi kama hiyo, isiyo na mto wala udongo wa kutosha, ikawa na mji ambao habari zake zilifika Makka na China? Jibu la kwanza limo katika bahari yenyewe. Bandari ya Kilwa ina kina kirefu, nayo imekingwa na nchi pande zote. Ni katika bandari bora za asili za pwani yetu. Jibu la pili limo katika upepo. Chombo kilichotoka Uarabuni au Bara Hindi kwa kaskazi kiliweza kufika Kilwa, kikafanya biashara, kikarudi kwao kwa kusi ya mwaka uleule. Kikitaka kushuka mpaka Sofala, iliko njia ya dhahabu, kiliweza kukwama kwa mwaka mzima. Basi watu wa Kilwa wakasema: Sofala tutakwenda sisi wenyewe, dhahabu na pembe tutazileta kwetu, na mwenye kuzitaka atatukuta nyumbani. Hiyo ndiyo siri ya mji ule. Watu waliusoma upepo, wakajua pa kukaa.

NANI ALIUJENGA MJI

Hapa ndipo wakoloni walipotudanganya kwa muda mrefu. Vitabu vyao vilisema ati miji ya mawe ya pwani ililetwa tayari na wageni kutoka Asia, na Mwafrika kazi yake ilikuwa kubeba mawe na kutazama. Mtoto wa Kiafrika alisomeshwa hivyo, akaamini kwamba babu zake hawakujenga kitu.

Lakini ardhi haisemi uongo. Katika miaka ya 1960 mtaalamu wa mambo ya kale, Neville Chittick, alichimba Kilwa kwa misimu kadhaa. Chini ya tabaka za nyumba za mawe zilionekana nyumba za kale zaidi, za miti na udongo, pamoja na vyungu vya kienyeji na mabaki ya kazi ya chuma. Watu walikuwapo pale tangu karne ya 9, wakivua, wakifua na wakiuza, kabla ya kuta kubwa kusimama. Msikiti mkuu sehemu yake ya kale ni ya karne ya 11 au ya 12, ukaongezwa sana katika karne ya 14. Jumba la Husuni Kubwa, lenye vyumba zaidi ya 100 na birika la kuogea lenye pembe nane, lilijengwa juu ya jabali linaloitazama bahari, katika zama za Sultani al-Hasan bin Sulaiman.

Wazee wa Kilwa wana hadithi yao. Walisimulia kwamba alikuja mtu kutoka Shirazi, akataka kukinunua kisiwa, na mwenye nchi akamwambia alete nguo za kutosha kukizunguka kisiwa chote; akazileta, akakipata. Wako waliozicheka hadithi hizo kuwa ni majivuno matupu, na wako waliozishika kama hati ya kumkana Mwafrika. Sisi twaona wote wawili walikosea. Mwaka 2023 wataalamu walitangaza matokeo ya kuchunguza asili ya watu 80 wa zamani kwa kutumia mabaki ya miili yao, wengi wao wakiwa ni watu wa miji ya kale ya pwani, Kilwa ikiwamo. Walikuta kwamba wengi katika wao, nusu ya asili yao au zaidi ilikuwa ya Afrika, nayo ilitoka hasa upande wa mama. Asili ya Asia, hasa ya Uajemi, ilitoka hasa upande wa baba, na mchanganyiko huo ulianza yapata mwaka 1000. Basi wazee hawakusema uongo kuhusu mgeni. Ila katika kusimulia walimtaja sana baba aliyekuja na nguo, wakamsahau mama aliyekuwa na nyumba. Na lugha iliyobaki midomoni mwa watoto ni ya mama, ndiyo Kiswahili hiki tunachokiandika.

TABIA YA KISIWA

Kisiwa kina tabia kama mtu. Tabia ya kwanza ya Kilwa ni kupokea. Mgeni njoo, mwenyeji apone: msemo huu pale ulikuwa ndiyo kazi ya mji. Ibn Battuta alipofika mwaka 1331 aliusifu mji kwa uzuri wake, akaeleza kwamba wengi wa watu wake walikuwa weusi wenye chanjo nyusoni. Alimsifu pia sultani kwa ukarimu, akasimulia jinsi maskini mmoja kutoka Yemeni alivyomwomba mfalme nguo alizovaa mwilini, naye akazivua akampa. Lakini msafiri huyo akaongeza habari nyingine ambayo wengi huiacha. Baada ya kufa sultani yule, alitawala nduguye Daudi, naye akiombwa alikuwa akijibu kwamba mtoaji amekwisha kufa, wala hakuacha kitu cha kutolewa. Msomaji atacheka, lakini ndani yake mna fundisho: ukarimu usio na hesabu humwachia mrithi sanduku tupu. Tutalirudia jambo hili mbele.

Tabia ya pili ni kwenda mbali bila kupoteza jina. Kilwa ilipiga sarafu zake yenyewe za shaba, zenye jina la mfalme upande mmoja na maneno ya kumtegemea Mungu upande wa pili, pande mbili zikifungana kwa vina kama shairi. Sarafu moja yenye jina la al-Hasan bin Sulaiman imeonekana Zimbabwe Kuu. Nyingine ziliokotwa mwaka 1944 katika visiwa vya Wessel, kaskazini ya Australia, upande wa pili wa Bahari ya Hindi! Hakuna awezaye kueleza kwa yakini zilifikaje huko. Lakini zilifika, na jina la kisiwa chetu lilikuwa limeandikwa katika historia ya dunia kabla Mzungu hajajua njia ya kuzunguka Rasi.

JINSI KILIVYOANGUSHWA

Hatutaki kusema kwamba kila baya lilitoka nje. Wakubwa wa Kilwa waligombania kiti, na nyumba yenye ugomvi mlango wake huwa wazi. Lakini aliyeingia kwa mlango huo hakuja kupatanisha. Mwaka 1502 Vasco da Gama alifika na mizinga, akamlazimisha mtawala kutoa kodi ya dhahabu. Mwaka 1505 Francisco de Almeida aliuteka mji, askari wake wakaupora, wakajenga ngome. Mwaka 1512 Wareno wakaondoka wakaiacha, maana walikwisha ivunja biashara iliyowaleta. Dhahabu ya kodi ile ilifuliwa ikawa chombo cha ibada kilichokamilika mwaka 1506, nacho kipo Lisbon hata leo katika jumba la makumbusho. Wageni hupanga mstari kukitazama. Ni wangapi katika hao wanaojua kwamba dhahabu ile ilitoka kwa watu wa kisiwa kidogo wanaoteka maji kisimani?

Kisha yakaja mabaya zaidi. Mwaka 1776 Mfaransa mmoja, Morice, alipatana na sultani wa Kilwa auziwe watumwa 1,000 kila mwaka, wapelekwe katika mashamba ya visiwa vya Wafaransa. Hapo twasema kweli bila kuficha: muuzaji naye alikuwa wa kwetu. Mji uliokuwa ukiuza pembe na dhahabu ukawa unauza binadamu, nao haukupona dhambi hiyo. Katika miaka ya 1840 sultani wa mwisho wa Kilwa aliondolewa na mtawala wa Unguja, na biashara ya watumwa ikashika Kilwa Kivinje, bara. Wajerumani wakaweka boma lao Kivinje. Baadaye serikali ikahamia Masoko. Bandari ya Kisiwani haikuhama hata shubiri moja, wala kina chake hakikupungua, wala upepo haukugeuka. Kilichohama ni utawala na fedha. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba visiwa vidogo ni maskini kwa sababu Mungu kaviumba vidogo. Kilwa ilikuwa ndogo vilevile ilipokuwa tajiri.

KIJIJI NA MAWE

Mwaka 1981 magofu ya Kilwa Kisiwani na ya Songo Mnara yaliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia. Mwaka 2004 yakatiwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, kwa sababu mvua na bahari vilikuwa vikiyala; upande wa mashariki wa Husuni Kubwa ulikuwa ukimomonyoka kidogo kidogo. Kazi ilifanyika, wanakijiji wakashirikishwa, na mwaka 2014 yakatolewa katika orodha hiyo ya hatari. Hilo ni jambo la kushukuriwa, nasi twalishukuru.

Lakini yako mawazo yanayonong'onwa kila mahali penye magofu duniani, kwamba mawe yangepona vizuri zaidi kama watu wasingekuwapo: mbuzi wasingepanda kuta, watoto wasingecheza kaburini, na mgeni angepiga picha bila kanga iliyoanikwa kuonekana nyuma. Twayakataa mawazo hayo kwa sababu tatu.

Kwanza, mawe bila watu ndiyo yaliyoharibika zaidi. Mzizi wa mti ukiingia ukutani, wa kuuona mapema ni mtu apitaye hapo kila siku kwenda kisimani. Mlinzi wa mshahara hutazama saa zake, na mwanakijiji yupo mchana na usiku. Pili, ufundi wa kuta zile haumo vitabuni peke yake. Kuta zilijengwa kwa mawe ya mwambani na chokaa iliyochomwa kwa kuni, na dari zake zikabebwa na boriti za mikoko. Ndiyo maana vyumba vya kale vya pwani ni vyembamba, kwa kuwa upana wake ulipimwa kwa urefu wa boriti. Ajuaye kuchagua jiwe, kuchoma chokaa na kupima boriti ni mtu wa pwani. Ukimwondoa, utaagiza fundi na chokaa kutoka mbali, na ukuta utakuumbua. Tatu, na hii ndiyo kubwa, watu wale hawakujenga vibanda juu ya urithi wa mtu mwingine. Wao ndio warithi. Mtoto achezaye chini ya kuba ya msikiti anacheza kwao.

TUNALODAI

Sasa tuseme wazi. Twadai mambo manne kwa serikali, na mawili kwa wanakisiwa wenyewe.

La kwanza, kila ajira inayotokana na magofu, iwe ya ulinzi, ya kuongoza wageni, ya kuvusha watu au ya ufundi, aulizwe kwanza kijana wa Kisiwani. Kama hana ujuzi, afundishwe. Haifai mtu azaliwe penye Husuni Kubwa kisha aletewe mtu wa mbali amweleze mgeni habari za babu zake, naye amesimama pembeni akishika mizigo.

La pili, katika fedha zinazolipwa na wageni, fungu la kijiji lijulikane ni kiasi gani, na hesabu yake isomwe hadharani katika mkutano wa kijiji, mapato na matumizi. Tulisema tutairudia habari ya sultani mkarimu na nduguye. Hatutaki sadaka ya mtu mkarimu ambayo itakufa pamoja naye. Twataka haki iliyoandikwa, ambayo mtoaji akibadilika haibadiliki.

La tatu ni uhai wa watu. Hospitali ya wilaya iko Kivinje. Mama mwenye uchungu wa kuzaa, akihitaji msaada mkubwa, lazima avuke bahari mpaka Masoko, kisha aende barabarani zaidi ya kilomita 20. Usiku wa kusi, safari hiyo ni ya kufa na kupona. Chombo madhubuti cha kuvushia wagonjwa, chenye mashine nzima, mafuta na nahodha anayejulikana, ni muhimu kuliko ubao wowote wa kupokea watalii.

La nne ni elimu. Kila mtoto wa nchi hii ajifunze Kilwa kwa kuanzia nyumba ya udongo ya karne ya 9, asianzie kwenye merikebu ya Mreno. Mwacha asili ni mtumwa, na aliyefundishwa asili ya uongo ni mtumwa mara mbili.

Kwa ndugu zetu wa Kisiwani nako tuna maneno, maana haki bila wajibu ni ngoma ya upande mmoja. Mkoko uliotoa boriti za babu ndio uzuiao wimbi lisile jabali la Husuni. Anayeufyeka ovyo leo anavunja ukuta wa kesho, na shamba lake pia. Kadhalika baruti. Bahari ya kusini imeumizwa sana na wavuvi wa baruti: hupasua mwamba kwa dakika moja, na mwamba huo huchukua miaka mingi kuota tena. Mara nyingi wanaolipua si wenyeji, lakini wenyeji huwajua. Asiyesema ni mwenzao. Kijiji kinachodai hesabu ya fedha kwa serikali lazima nacho kiweze kumwita mwanawe mbele ya mkutano, kimwambie: hapa umetukosea.

MWISHO

Wako watakaosema twapoteza wino kwa kijiji kidogo, hali nchi ina mambo makubwa. Sisi twajibu hivi. Kusini si nchi ya ombaomba. Katika wilaya hiyohiyo ya Kilwa kipo kisiwa kingine kidogo, Songo Songo, ilikogunduliwa gesi mwaka 1974, na tangu mwaka 2004 gesi hiyo inakwenda Dar es Salaam kwa bomba kuzalisha umeme. Tangu mwaka 2003 daraja la Mkapa limeifunga Rufiji, na safari ya kusini haingoji tena kivuko. Njia ipo na mali ipo. Linalobaki ni kukubali kwamba mtu wa kisiwa kidogo si mtu mdogo.

Uhuru haukuja ili tubadilishe bendera juu ya magofu. Ulikuja ili wenye nyumba warudi nyumbani kwao kwa heshima. Dunia imekwisha yaorodhesha mawe ya Kilwa. Ni juu yetu sasa kuwahesabu watu wake, mmoja mmoja, kwa majina yao, na kuhakikisha kwamba asubuhi maji yakipwa, wapo wa kushuka mwambani, na jioni yakijaa, wapo wa kurudi nyumbani.